Safu ya Maelezo Mengine

Kwetu Kambria neno la nyayo na neno la reli
ni neno moja.
Ukimwambia mtu alitunze, humwambii apige chuma msasa.
Unamwambia jambo lisimpotee,
ajue lilipita saa ngapi, likielekea wapi.

Mume wangu Alwyn alilitunza miaka thelathini na mmoja
katika kibanda cha ishara cha Garsby:
mikono ya chuma ishirini na minne mbele yake,
jiko la makaa, birika,
saa ya ukutani iliyosawazishwa kila asubuhi saa nne kamili,
na daftari.

Kengele mbili: treni imeingia. Anaandika.
Kengele mbili, kimya, moja: imetoka. Anaandika.
Usiku wa theluji hakikuja kitu;
akaandika kwamba hakikuja kitu.
Kwa wino, si penseli. Kosa halifutwi:
lapigwa mstari mmoja, lisomeke bado,
na jina la mkosaji kando yake.

Nilidhani ni ukavu wa roho.
Mtu aliyejua dakika ya kila behewa la chokaa
alisahau siku yangu ya kuzaliwa mara nne.
Nami nilihesabu. Sikuhitaji daftari.

Kibanda kilipofungwa,
kazi ikahamia kwenye skrini, mji wa maili sitini,
naye akapewa madaftari yake, makasha tisa,
yakakaa chini ya kitanda.
Sikuyagusa. Nani asome treni?

Februari, wiki ya tatu baada ya maziko,
mvua ilitoboa dari ya chumba kile.
Nikayaburuta sebuleni niyaanike,
kurasa zimegandana, nazibandua kwa kisu cha siagi,
ndipo nikaiona safu ya mwisho, ya maelezo mengine,
wanamoandika ukungu, ng'ombe njiani, taa iliyozimika:

*Saa kumi na dakika kumi na saba. Mwanamke, koti jekundu,
avuka reli pasipo ruhusa.*
Kesho yake: *Koti jekundu. Dakika kumi na tisa.*
Kesho yake: *Koti jekundu, kikapu cha mayai.
Treni ya mawe imezuiwa dakika mbili.*
Jumatatu: *Hakuvuka.*
Jumanne: *Hakuvuka.*
Jumatano: *Hakuvuka. Hali ya hewa nzuri.*

Nilikuwa na surua, nimelala kwa dada yangu,
nikidhani dunia nzima haina habari nami.

Jumatatu iliyofuata, wino umeacha doa: *Amevuka.*

Nilikasirika kwanza, niseme kweli.
Msichana wa miaka ishirini anakatiza njia apeleke mayai;
juu kuna dirisha, nyuma ya dirisha kuna kalamu.
Nani aliipa ruhusa hiyo kalamu?
Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo isemwavyo,
na mimi sikupenda kuwa mali.

Lakini leo pale pale wamesimika mlingoti wenye kamera.
Napita chini yake kila Alhamisi nikienda kununua mkate.
Inanichukua kama inavyomchukua kunguru,
na nisipopita wiki nzima
haitaandika kwamba sikupita,
wala haitasema hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Nilisoma hadi taa za barabarani zikawaka.
Koti jekundu likachakaa humo, likawa la buluu,
kikapu kikawa baiskeli.
Na mwezi mmoja kabla hajashuka zile ngazi
akiwa na kofia mkononi, hajui aanzie wapi,
Alwyn aliandika saa, akaandika dakika,
akaandika: *Mke wangu, avuka.*

Kisha akapiga mstari mmoja,
kwa rula, juu ya maneno mawili ya mwanzo.
Yanasomeka.
Kando yake ametia jina lake kamili,
kama kanuni inavyomtaka mkosaji.